Hisa za Umeme Zinapofika Mahakamani

Maji ya mito ya Murang'a na Nyeri huteremka na Mto Tana hadi baharini Kipini, nayo njiani huzalisha umeme. Umeme huo una wenyewe. KenGen, yenye mtambo wa Wanjii huko Murang'a, iliuza hisa kwa umma mwaka 2006, kila moja shilingi 11.90. Mtambo wa Mto Gura, wa megawati 5.8, ni mali ya viwanda vinne vya chai vya wakulima wadogo, vinavyosimamiwa na KTDA.

Tofauti huonekana kesi inapozuka. Mwenye hisa za KenGen akiingiwa na hofu huziuza katika Soko la Hisa la Nairobi, japo kwa hasara. Mkulima wa chai hana soko kama hilo. Ugomvi wa uongozi wa KTDA ulipofika mahakamani mwaka 2021, hakuwa na mlango mwepesi wa kutokea.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yamruhusu mwanahisa kuwashtaki wakurugenzi kwa niaba ya kampuni, akipata idhini ya mahakama. Lakini fidia (wengi hawalijui hili) huingia katika hazina ya kampuni, si mkobani mwake. Ndiyo maana twawasihi akina mama wa vyama vyetu, wanapoletewa hisa za umeme wa jua au wa upepo, waulize kabla ya kuulizia gawio: nikitaka kutoka, nitamwuzia nani?