Risasi chemchemini: Kipimo hakijakamilika hadi neno lieleweke

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nyamira. Asubuhi moja niliandamana na kijana wa jirani, mwanafunzi wa uzamili katika kemia, hadi kwenye chemchemi ambako kijiji chetu kimekuwa kikiteka maji tangu nikiwa mtoto. Alibeba vichupa kadhaa na kurunzi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, mfano wa ile ambayo makeshia hutumia kukagua noti bandia. Nyanya mmoja alitua mtungi wake wa lita 20, akamkazia macho.

“Unatafuta nini humo, mjukuu wangu?”

“Natafuta risasi, nyanya.”

“Risasi? Kwani ni nani amefyatua bunduki huku kwetu?”

Kijana alicheka, kisha akajikosoa haraka. “Si hiyo ya bunduki, nyanya. Hii ni madini.”

“Aa, madini! Hayo ni mazuri. Hata kliniki waliniambia nile mboga nipate madini.” Akajaza mtungi wake na kushika njia.

Wote wawili ni Abagusii na walikuwa wakichanganya Ekegusii na Kiswahili, lakini maneno mawili yaliyowapoteza, risasi na madini, yalikuwa ya Kiswahili. Niliporudi nyumbani sikucheka tena. Kijana yule anatafuta sumu. Nyanya aliondoka akiamini kuwa ameambiwa habari njema.

Kabla ya kurejea kwenye maneno hayo, hebu tumwelewe kijana mwenyewe. Ukitia chumvi kwenye mchuzi, huioni tena, ila ulimi unaitambua. Chumvi huwa imeyeyuka na kuwa ioni, yaani atomi zilizopoteza au kuongeza elektroni. Risasi, zebaki na shaba nazo huweza kuwa majini zikiwa ioni, bila rangi ya kuonekana. Tofauti ni kwamba kwa kiasi kidogo kinachodhuru, ulimi haufui dafu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba risasi kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kwa makadirio, huo ni uzito wa punje tatu hivi za chumvi ya mezani katika mtungi mzima wa nyanya. Nani ataonja hilo?

Mitambo mikubwa ya maabara hupima kiasi hicho, ila ni ghali na haibebeki hadi mtoni. Ndiyo maana wanakemia wengi duniani wanatengeneza vihisi vya chembe ndogo mno za polima zinazong'aa. Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa molekuli ndogo nyingi, kama shanga kwenye uzi. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi.

Kung'aa kwake nako si kule kwa kioo. Kioo huakisi mwanga ule ule uliokipiga. Chembe hizi humeza mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni, kisha hutoa mwanga wa rangi nyingine unaoonekana. Umewahi kuona alama kwenye noti halali ziking'aa chini ya taa ya keshia? Basi ni jambo lile lile. Ioni ya metali fulani inaponasa kwenye polima, mng'ao huo hufifia au kuzimika. Vihisi vingine hufanya kinyume: huwa gizani, vikawaka metali inapofika.

Kwa nini polima? Mwaka wa 1995 wanakemia Timothy Swager na Qin Zhou, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba katika polima za aina fulani nishati ya mwanga husafiri kwenye uzi mzima. Kwa hivyo mgeni mmoja akinasa mahali popote, sehemu kubwa ya uzi huathirika. Ni kama zile taa za mapambo za harusini ambazo balbu moja ikiungua, mstari mzima unazimika. Kitu kidogo kinatoa ishara kubwa.

Hata hivyo, kihisi kinaweza kudanganywa. Udongo wetu wa Gusii ni mwekundu kwa sababu una oksidi nyingi za chuma, na ioni za chuma ni hodari wa kuzima mng'ao wa polima nyingi. Maji yenye tope au chuma yanaweza kufanya kihisi kipige kelele ya bure. Kijana aliniambia kwamba kazi yake kubwa si kuzima mwanga, bali kuhakikisha kwamba kilichouzima ni risasi, si chuma. Ndiyo maana hukagua majibu yake tena kwa mtambo wa maabara. Sisemi basi kwamba chemchemi yetu ina sumu. Siku ile vichupa vilikuwa bado mfukoni mwake.

Lakini ona: kihisi kinachochanganya chuma na risasi tunakikataa. Mbona lugha inayochanganya sumu na lishe tunaivumilia?

Wasomi wa Kiswahili tumezoea kulalamika kwamba tunakosa istilahi za sayansi mpya. Sidhani kwamba hapo ndipo penye tatizo. Ioni, polima na nano ni maneno mageni, na ugeni wake ni ulinzi: asiyeyajua atauliza. Hata Waingereza walipohitaji neno la mng'ao huu hawakulitoa mbinguni. Mwaka wa 1852 mwanafizikia George Gabriel Stokes aliliunda kutokana na jina la jiwe, lile lile lililochimbwa kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio hapa Kenya. Nasi tukisema fluoresensi, au tukaeleza kwamba ni mng'ao wa kumeza mwanga na kuutoa kwa rangi nyingine, hakuna atakayepotea.

Wanaotupoteza ni wenyeji. Risasi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile metali laini na nzito. Kwa kuwa ilitumiwa kutengenezea kile kinachotoka kwenye bunduki, jina likahamia huko, na leo maana ya pili imeimeza ya kwanza. Madini nayo yamebebeshwa mizigo miwili. Kwa mchimbaji ni mali ya ardhini. Kwa mhudumu wa afya ni virutubishi. Kumwambia mtu kuwa maji yake yana madini ni kama kumpongeza.

Pendekezo langu ni jepesi. Tutenge madini na metali. Mawe ya sabuni ambayo mafundi wa Tabaka huchonga ni madini, lakini si metali. Shaba, zebaki na risasi ni metali. Tunapozungumzia maji, tusiseme risasi peke yake, wala “madini ya risasi”, neno linalounganisha mitego miwili. Tuseme “metali ya risasi”, na palipo na hatari tuongeze wazi: ni sumu, hudhuru ubongo wa mtoto. Maneno machache zaidi hayamgharimu mtafiti kitu.

Atakayeona kwamba nakuza jambo dogo na akumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha metali ya risasi kwenye udongo na kwenye miili ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni ya wakazi, alianza baada ya mwanawe mchanga kuugua huku madaktari wakishuku magonjwa mengine. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi hiyo ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Safari hiyo yote ilianza pale watu walipojua kwa jina kilichokuwa kikiwadhuru.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari, na Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo tatu zilikutana pale chemchemini, kwa nyanya mwenye mtungi, zikashindwa kusalimiana.

Jioni nilimwita kijana nikamwambia, “Kesho rudi kwake, na usimtajie madini.” Alirudi. Alimweleza kwamba anatafuta metali yenye sumu, ambayo haionekani wala haionjeki. Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mtafiti yeyote angependa kuulizwa:

“Sasa majibu utaniletea lini?”