Kushuka Ili Kuitazama Treni

Wapenzi wa historia ya reli wa Marekani wamezoea kuitwa wazee wanaochezea vitreni. Vitreni vipo, vingi vya kipimo cha moja kwa themanini na saba, na vipo pia vibanda vya kuuziana taa na tiketi kuukuu; kila jamii ya wakusanyaji ina soko lake, na hilo halihitaji kutetewa. Kosa ni kudhani mikutano yao inaishia ukumbini. Chama cha Kitaifa cha Historia ya Reli, kilichoanzishwa mwaka 1935, kimejulikana kwa mikutano ya mwaka yenye safari za treni, na desturi inayowatambulisha watu hawa hufanyika huko njiani. Treni ya mvuke husimama mahali palipochaguliwa, penye kona au daraja. Abiria waliolipia viti vyao hushuka, wakajipanga upande mmoja wa reli ili kuipiga picha, jua likiwa mgongoni, wanaochuchumaa mbele, warefu nyuma. Treni hurudi kinyumenyume mpaka ipotee machoni, kisha huja kwa kishindo, moshi umetanda, honi inalia, ikawapita wenyewe waliotakiwa kuwamo ndani. Kukatiza mbele ya mstari huo ni mwiko. Kupiga soga wakati treni inapita ni kuwaharibia wanaonasa sauti. Utoto gani huo wenye adabu kali hivi?

Aliyeketi ndani ya behewa haioni treni, anaona miti. Ndiyo maana hushuka. Kampuni ya reli ya Norfolk and Western iliunda kichwa cha treni ya mvuke namba 611 katika karakana yake ya Roanoke mwaka 1950, na kufikia 1960 dizeli zilikuwa zimeshika kazi yote. Kinachohifadhiwa basi si chuma peke yake, bali pia ujuzi wa kuchochea moto, kupandisha mvuke na kusikiliza mashine. Kichwa namba 4014 cha kampuni ya Union Pacific, cha mwaka 1941, kilikaa makumbusho ya California kwa miongo kadhaa, kizima lakini bubu, kabla ya kurudi relini Mei 2019. Hata Nairobi, anayeizunguka injini ya mvuke aina ya Garratt iitwayo Mount Gelai katika Makumbusho ya Reli anauona ukubwa wake tu. Jinsi ilivyovuta mzigo inabidi asimuliwe.

Wapo wanaosema mapenzi haya husifu mashine na kuwasahau Wachina walioijenga njia ya reli ya Central Pacific, na wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman, ambao chama chao, chini ya A. Philip Randolph, kiliundwa mwaka 1925. Hoja hii ina uzito, na mstari wa wapiga picha hauijibu: moshi haumwonyeshi aliyetandika vitanda. Lakini ratiba, tiketi na picha za stesheni ambazo wakusanyaji hawa wameziweka ni ushahidi ambao hata historia ya wahudumu hao itauhitaji. Kuwakejeli wanaozitunza hakumrudishi mhudumu yeyote kwenye kumbukumbu.

Mwaka 2018 Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, ilibana mno treni za kukodi, na safari nyingi za namna hii zikakosa njia. Wazee wenyewe wanapungua. Masanduku ya slaidi yanabaki kwa wajukuu, na nyingine hazikuandikwa pembeni jina la stesheni wala mwaka.