Bangi ya ku lupango: maneno ya video na udongo wa kwetu

Siku hizi mu simu za vijana wetu kunapita video nyingi za watu wanaolima bangi ndani ya nyumba, kule Canada, Ujerumani na Marekani. Mutu anafungua kabati, ndani iko taa kubwa, ventilateri ndogo, na miti mitatu ya kijani, safi kabisa. Anaongea maneno magumu, na vijana wa Kolwezi, Likasi na Kipushi wanayarudilia kama wimbo. Kuna wale wamekwisha kupanda mbegu mbili tatu nyuma ya choo, ku lupango ya wazazi. Wazazi nao wanaona muti unakomaa, wanafikiri ni jani la muyomba fulani la dawa. Tumeona inafaa tufasirie maneno hayo, juu mutu hawezi kupima kitu ambacho hajui. Tena kuna jambo ambalo video hazisemi hata kidogo, na kwa sisi watu wa inchi ya shaba njo kubwa kuliko yote: udongo.

Tuanze na majina. Bangi lilikuja pamoja na Kiswahili: lilitoka India, kule wanasema bhang, likavuka bahari mpaka pwani, kisha likafuata njia za biashara mpaka huku kwetu. Upande wa Kasai na wa Angola wanasema diamba, riamba ao liamba. Jina hilo lilivuka bahari ingine pamoja na watumwa waliochukuliwa Angola, na mu Brazil diamba ni jina moja la muti huo. Wafaransa wanasema chanvre. Ni muti mumoja tu.

Wenye asili ya Kasai wamesikia habari ya Bena Diamba, watoto wa bangi. Wakati Mujerumani Wissmann alifika kwa chifu Kalamba Mukenge mu 1881, alikuta Bena Lulua wengi wameacha vita ya kijiji na kijiji, wanavuta diamba pamoja kama alama ya urafiki. Mutu mwenye kukosa alilazimishwa kuvuta mpaka aanguke. Kwa hiyo kijana akisema bangi ni kitu ya mababu, hasemi bongo. Lakini diamba ile ilivutwa mu kusanyiko, mbele ya wakubwa, na kila mutu alijua nani amevuta na kwa sababu gani. Hakuna mwenye aliivuta peke yake mbele ya kushuka mu shimo la metre makumi.

Serikali ya Léopold ilikataza kulima na kuuza chanvre mu 1903. Huko ambako video zinatoka, sheria ni ingine. Canada ilifungua mu Oktoba 2018, na ku majimbo mengi nyumba moja inaruhusiwa miti mine. Ujerumani, toka tarehe 1 Aprili 2024, mukubwa anaweza kulima mitatu. Afrika Kusini, tribinali ya juu ya katiba ilisema mu Septemba 2018 kwamba mutu mukubwa anaweza kulima na kuvuta mu siri ya nyumba yake. Zambia, jirani yetu, ilitoa sheria mu 2021, na hapo watu wengi wanachanganyikiwa: sheria ile ni ya wenye lisansi, kwa dawa na kuuza inje. Mwenye kuvuka Kasumbalesa na kifuko mu mufuko wa suruali hana ruhusa upande huu wala upande ule. Na kijana akipanda ku lupango ya baba yake, polisi wakiingia wanauliza kwanza lupango ni ya nani.

Sasa maneno yenyewe.

La kwanza ni dume na jike. Bangi iko sawa na mupapai: kuna muti dume, kuna muti jike, na mwenye kupanda mbegu hajui nini itatoka mpaka maua yaonekane. Dume inatoa unga, jike inapokea na kuzaa mbegu. Jike ambayo haikupokea unga haitumii nguvu yake kwa mbegu; inazidi kutoa maua na ule utomvu wa kunata. Mu utomvu huo njo kunakaa THC, kitu kinacholewesha. Kwa hiyo wakulima wa video wanaondoa dume zote mapema, na maua yanayobaki wanayaita sinsemilla, neno la Kispanyola, maana yake «bila mbegu».

Wazee ambao waliwahi kuvuta wanajua mbegu ilikuwa inalia ta! ta! mu moto. Bangi yao ilikuwa ya shamba, dume na jike pamoja, mbegu nyingi, nguvu kidogo. Ya sasa si ile. Marekani wanapima bangi ambayo polisi inakamata: mu 1995 THC ilikuwa karibu 4%, mu 2014 ilifika karibu 12%. Ni mara tatu. Mutu mwenye kuhesabu pumzi zake kama vile babu alihesabu anakunywa lutuku mu kopo la bia.

Hapa tusimame kidogo, maana tunaandikia watu wa shimo. Wachimbaji wengi wanavuta, na sababu wanazozitoa tunazijua: inaondoa njaa, inaondoa woga, inafanya saa zipite. Njaa, tunakubali, ni jambo la mufuko. Lakini woga mu shimo ni chombo cha kazi kama vile taa na kamba. Ni woga njo unakufanya usikie udongo unadondoka kidogo kidogo juu ya kichwa, ni woga njo unakuambia hewa imekuwa nzito. Bangi inapunguza upesi wa mwili kujibu, inaharibu hesabu ya wakati na ya umbali, na hilo linadumu masaa mengi kisha kuvuta, hata kama mutu anajisikia iko sawa. Mwenzako iko chini anakushikia kamba. Tena kwa mwenye kutafuta kazi ku kampuni kubwa: alama ya THC inabaki mu mukojo siku nyingi, na kwa mwenye kuvuta kila siku hata majuma. Kipimo hakiulizi kama ulivuta kazini ao mu siku ya mapumziko.

La pili ni kloni. Akina mama watacheka, juu ni kitu wanafanya na muhogo kila mwaka: unakata tawi la muti jike muzuri, unalitia mu udongo, linaota mizizi. Watoto wote wanafanana na mama kwa nguvu, na kwa ugonjwa vilevile. Mwenye aliona mozaiki inamaliza shamba lote la sombe anaelewa bila kufasiriwa.

Halafu kuna namba 18/6 na 12/12. Ni masaa ya mwangaza na ya giza. Bangi inatoa maua wakati usiku unakuwa murefu. Mwenye kulima ndani ya kabati anaidanganya kwa taa. Huku kwetu jua linafanya kazi hiyo bila kulipwa, na wakati kura inakatika kila saa, habari ya taa masaa 18 ni ya kuchekesha tu. Zile wanaita otomatiki zinatoka kwa aina ingine ya inchi za baridi, upande wa Urusi, ambayo inatoa maua kwa kufuata umri wake, haingojee usiku. Kukata kichwa ili matawi yaenee, kila mwenye kulima tomati ao lenga-lenga anakujua. Kukausha polepole na kufunga mu chupa, wakulima wa tumbako walikujua zamani.

La mwisho ni idroponi: kulima bila udongo. Mizizi inakaa mu maji, na mukulima anatia ndani chakula alichopima yeye mwenyewe. Ao ananunua udongo mu mufuko, kama vile sisi tunanunua unga wa bukari. Angalieni vizuri hapo. Mutu wa video anachagua kila kitu ambacho muti wake unakula. Kijana wa Kasulo hachagui.

Mbele ya mashine kufika, watu wa Katanga walijua milima ya shaba kwa kutazama mimea yake: fasi ambapo muti haukomae, kunaota ua dogo la bluu ambalo wenye elimu wanaita Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Mumea unasema kile kiko chini. Toka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilikuwa inatoa moshi, na upepo uliupeleka upande wa Penga Penga. Udongo pale ulipokea shaba, zinki, risasi, kadimiamu, arseniki, mpaka miti ikakufa na kilima kikabaki tupu. Kolwezi, mu Kasulo, tangu 2014 watu wanachimba kobalti chini ya nyumba zao. Watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walipima watu wa pale, na mu 2018 walitangaza kwamba kobalti ilikuwa nyingi mu mukojo na mu damu, na mu watoto zaidi kuliko mu wakubwa.

Bangi ni muti wenye kunyonya. Hilo si lawama, ni sifa yake: ukulima wake ulijaribiwa karibu na Tchernobyl, na karibu na kiwanda cha chuma cha Taranto, Italia, ili uvute sumu kutoka udongo. Lakini jani lililonyonya sumu pale hakuna mwenye kulitia mu kinywa. Canada, bangi ya duka inapimwa arseniki, kadimiamu, risasi na zebaki mbele ya kuuzwa. Hata hivyo utafiti wa Marekani uliotoka mu 2023 ulionyesha kwamba wenye kuvuta bangi peke yake walikuwa na risasi 27% zaidi mu damu kuliko wasiovuta, na kadimiamu 22% zaidi. Na hao hawaishi juu ya carrière.

Mutachukua tena vumbi. Mama akichuma lenga-lenga anaosha mara tatu, maji yanatoka mekundu, anaosha tena. Bangi hakuna mwenye kuosha. Ua lake linanata kama gundi, vumbi la barabara na la depo linakaa hapo, kisha linakwenda mu moto na mu mapafu. Kadimiamu inayopita mu tumbo, mwili unapokea kidogo tu. Ile inayopita mu mapafu inaingia zaidi, na ikifika mu figo inakaa miaka makumi. Muchimbaji amekwisha kupumua vumbi mu shimo siku nzima. Anapanda nyumbani muti unaokusanya vumbi lile lile, anavuta mangaribi, mutoto iko pembeni.

Jambo hilo la udongo halihusu bangi peke yake, na wenye lenga-lenga na matembele ku lupango wanatuuliza kila mara kama waache kulima. Tunawaambia kile wenye elimu ya ukulima wa université ya Lubumbashi walijaribu pale Penga Penga: walitia chokaa na mbolea ya kuoza mu udongo ule wa sumu, na majani yakaanza kuota tena. Chokaa inafunga metali, muti unapata kidogo. Inafaa zaidi kuinua bustani kwa mbao ao matofali, kuijaza udongo ulioletwa kutoka mbali na carrière na barabara, na kulima ndani mahindi, maharagi ao tomati, juu mbegu na matunda kwa kawaida yanabeba metali kidogo kuliko majani. Lenga-lenga ya fasi ya vumbi ioshwe mu maji safi, na maji yale yasimwangwe fasi ambapo watoto wanachezea.