Kapu la Sikukuu: Namna ya Kuungishana Bila Kuumizana

Desemba ndiyo hii, na stetasi zimejaa neno moja: tuungishane. Huyu anauza asali, yule ana khanga, mwingine viungo vya pilau, na wote wanaombana wenyewe kwa wenyewe. Mwisho wake watu wanawekeana kopa chini ya picha, kila mtu anaenda zake. Kopa hailipi ada ya mtoto Januari.

Marekani wao wana Jumamosi maalumu ya kununua kwa wafanyabiashara wadogo. Kampuni ya kadi, American Express, ndiyo iliyoianzisha mwaka 2010. Sisi hatuna siku kama hiyo, ila tuna wiki nzima za watu kutafuta zawadi ya mama, ya wakwe, ya mwenye nyumba. Hapo ndipo kapu linapoingia: wauzaji wanne wadogo mnaweka bidhaa zenu kwenye kikapu kimoja, mteja analipa mara moja.

Tuone hesabu. Hizi bei ni za mfano, weka za kwako. Mchele kilo 5, mwenzako anakupa kwa 17,000. Asali nusu lita 9,000. Viungo vya pilau 4,000. Doti ya khanga 13,000. Jumla 43,000. Ongeza kikapu cha ukili 4,000 na kadi na utepe 1,000, umefika 48,000. Unauza 58,000. Katika ile 10,000 toa 2,000 ya bando na makato ya kutuma hela, wewe unayefunga kapu unabaki na 8,000. Kapu 10 ni 80,000.

Angalia hizo bei za wenzako. Sio bei ya jumla ya kuwakaba, na sio rejareja. Mwenye asali anauza 10,000 kwa mteja wa kawaida, kwako ameshusha 1,000 kwa sababu hatafuti mteja wala hajibu meseji usiku. Ukimlazimisha ashuke mpaka 7,000 aliyonunulia, hapo hujamuungisha, umemtumia.

Mteja naye anafaidika, na hili mwambie kwa namba. Akinunua kimoja kimoja: 18,500 ya mchele, 10,000 ya asali, 5,000 ya viungo na 15,000 ya khanga, hiyo ni 48,500. Kikapu na kadi 5,000. Bodaboda nne za 3,000 ni 12,000. Jumla 65,500. Kapu lako na bodaboda moja ni 61,000. Anaokoa 4,500 na hajazunguka popote.

Sasa kwenye hela, maana ndipo urafiki unapofia. Wengi wetu tumezoea mali kauli: nipe mzigo, nikiuza nakulipa. Desemba usifanye hivyo na mtu mwenye chupa 12 za asali. Hizo chupa ndizo mtaji wake wote, ukikaa na hela yake siku tano, siku tano hizo hana cha kuuza na wateja wapo. Chukua nusu kwa mteja kabla, yaani 29,000. Siku hiyohiyo mlipe wa asali, wa viungo na wa khanga, jumla 26,000. Inabaki 3,000, ongeza 1,000 yako, kikapu kimelipwa. Mwenye mchele ndiye unayemwomba asubiri, kwa kuwa mara nyingi ana mtaji mkubwa kidogo. Mlipe jioni ileile ya kukabidhi. Na hela ikiingia angalia salio, usiamini meseji peke yake. Msimu huu meseji feki za muamala ni nyingi.

Mkubaliane pia mapema kitu kikiharibika ni cha nani. Utaratibu ninaoupenda mimi: mpaka nakabidhiwa ni cha mwenye bidhaa, nikishapokea ni changu mpaka kimfikie mteja au ofisi ya basi. Andikeni kwenye grupu la WhatsApp, hata mstari mmoja unatosha. Adui mkubwa wa kapu ni asali. Zungushia selotepu kwenye kifuniko, tia chupa kwenye nailoni mbili, isimamishe katikati ya mchele. Khanga iwe kwenye nailoni yake, mbali na asali. Na chukua asali yenye lebo, tarehe ya kufungashwa na alama ya TBS. Zawadi inaliwa na watu usiowajua.

Mzigo wa mkoani una kanuni yake: hela yote kabla ya basi. Kwa upande wa Moshi na Arusha, kuanzia tarehe 20 hivi watu wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa abiria na mabegi yao, kapu lako linaweza kulala stendi. Mimi ningeweka mwisho wa oda za mkoani tarehe 17, mzigo uondoke 18. Za mjini mwisho 22. Tangaza tarehe hizo sasa hivi, usingoje mtu akuulize. Andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili za mzigo, kisha piga picha risiti, namba ya basi na mzigo wenyewe, umtumie mteja hapohapo stendi.

Kuna hawa ndugu zetu sasa. "Si unaniungisha bwana, nifanyie bei ya familia." Kuungisha ni kununua kwa bei iliyoandikwa. Lakini shangazi huwezi kumjibu hivyo, mjibu kwa adabu: "Shikamoo shangazi. Bei ni 58,000, ndani yake kuna hela ya watu wengine wanne. Kadi yako nitaiandika mwenyewe kwa mkono, na likikupendeza nisaidie kuwaambia wenzako wa kikoba." Shangazi mmoja mwenye kikoba ana thamani kuliko punguzo lolote.

Jambo ambalo wengi hawalipendi: nyuma ya kadi andika kurasa za wauzaji wote wanne na namba zao za biashara. Najua unaogopa mteja ataenda moja kwa moja kwa mwenye asali. Aende. Januari hakuna anayenunua kapu, ila asali na mchele watu wanakula, na mwenye asali aliyepata wateja kupitia kwako ndiye atakayekuwekea mzigo Pasaka kabla ya wengine.

Makapu yakibaki baada ya tarehe 24, badilisha kadi iwe ya Mwaka Mpya, endelea kuuza mpaka 31. Usishushe bei bila kuwauliza wenzako. Tarehe 2 fungua yaliyobaki, kila mtu anunue tena bidhaa yake kwa bei aliyokupa kama mlivyoandikiana, au uuze rejareja. Kikapu cha ukili hakiozi, tunza.