Chuo Kinapotangaza Hatari, Usikimbilie Kumpigia Mwanao

Na Mwandishi Wetu, Maskati

Nilikuwa ndiyo kwanza nakunja msala. Saa 11:30 alfajiri, nje bado giza, na simu yangu juu ya kabati ikaanza kulia, meseji moja baada ya nyingine. Grupu la ukoo. Binamu yangu aliyeko Kanada, ambako ilikuwa saa 2:30 usiku, kaleta picha ya gari za polisi na taa zao zinawaka, na chini yake kaandika: "Jamani, hiki si ndicho chuo anachosoma mtoto wetu?"

Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja upande wa mashariki ya Marekani. Wakati wa baridi, tofauti ya saa baina yetu ni saa 9. Sikuitazama picha mara ya pili. Nikampigia. Inaita, hapokei. Nikapiga tena. Baba yake kaamka, naye kachukua yake anapiga. Ami yake yuko Dubai, anapiga. Shangazi yake Unguja, anapiga. Bi mkubwa kakaa na tasbihi yake anasema, "Mpigieni tena, mpigieni tena." Nilipofika mara ya kumi na moja ikaingia meseji, haina nukta wala herufi kubwa: "mama msipige tumejificha simu inawaka".

Niliisoma nikakaa chini. Mtoto yuko gizani, mlango umezuiwa kwa meza, na sisi watu wanne kutoka nchi tatu kazi yetu ni kuiwasha simu yake.

Alhamdulillahi, iliisha salama. Kuna mtu alionekana na bastola karibu na maegesho ya magari. Polisi walimkamata baada ya saa moja na nusu, na hakuna aliyeumia. Lakini tulipokuja kuzungumza naye vizuri siku ya pili, nikajua jambo lililonitisha kuliko ile picha. Tahadhari ya chuo haikumfikia kabisa.

Namba ya Oman kwenye fomu

Chuo kilituma meseji mapema. Mwenzake wa chumbani, waliyekuwa naye maktaba, aliipata. Binti yangu hakuipata, na kosa lilianzia sebuleni kwangu mimi. Siku tulipojaza fomu za kujiunga, miezi mitatu kabla hajasafiri, pahala pa namba ya simu baba yake alimwandikia namba yake ya Oman, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Alipofika kule akanunua laini ya huko, ile ya Oman akaitoa, akaitia kwenye pochi. Hakuna aliyekumbuka kurudi kubadilisha. Meseji ya dharura ikapelekwa kwenye laini iliyolala pochini.

Barua pepe ilifika, lakini ilikuwa ile ya chuo, ambayo yeye huifungua asubuhi. Vipaza sauti vilikuwa nje, na ndani ya maktaba havikusikika. Kilichomsaidia ni mwenzake kumvuta mkono na kumwambia, "Twende, funga mlango."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za mifumo hii, maana katika mtaa wetu peke yake najua nyumba tano zenye watoto wanaosoma nje, na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia wanajua mwanao anaarifiwa vipi ikitokea hatari. Sisi huuliza ada, huuliza dahalia, huuliza kama chakula halali kipo. Hili hatuulizi.

Sheria iliyoanzia kwa wazazi

Marekani jambo hili si hiari ya chuo. Mwaka 1986 mwanafunzi mmoja wa miaka 19, Jeanne Clery, aliuawa ndani ya chumba chake cha dahalia katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Baba na mama yake hawakunyamaza. Walipigania vyuo vilazimishwe kuwaambia watu ukweli wa uhalifu unaotokea ndani ya kuta zao, na mwaka 1990 sheria ikapita. Leo inajulikana kwa jina la binti yao, Sheria ya Clery, na inavihusu vyuo vinavyoshiriki katika misaada ya masomo ya serikali kuu, yaani karibu vyote wanavyokwenda watoto wetu.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 16 Aprili 2007, Virginia Tech. Kiasi cha saa 1:15 asubuhi wanafunzi wawili walipigwa risasi katika dahalia. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi wote ilitoka saa 3:26, baada ya saa mbili na dakika 11. Ilisema kumetokea tukio la kupigwa risasi na polisi wanachunguza, haikusema kwamba muuaji bado hajakamatwa. Watu wakaendelea kwenda darasani. Kiasi cha saa 3:40 muuaji yule yule akaanza kupiga risasi ndani ya jengo la madarasa la Norris. Waliouawa siku ile walifika 32.

Mwaka uliofuata, 2008, sheria ikaongezwa makali. Chuo kikishathibitisha kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa watu walioko kampasi, kinatakiwa kiwaarifu bila kuchelewa, isipokuwa kama tangazo lenyewe litaharibu kazi ya kuwaokoa watu au kuidhibiti hatari. Mfumo lazima ujaribiwe walau mara moja kwa mwaka. Na kila chuo lazima kitoe ripoti ya usalama ya mwaka kabla ya tarehe 1 Oktoba, yenye takwimu za uhalifu na maelezo ya namna kinavyotoa tahadhari. Ripoti hiyo ni ya wazi. Mzazi aliyeko Sohar au Salala anaweza kuifungua kwenye simu yake kabla hajalipa hata riyali moja.

Hata hivyo sheria haiondoi dakika za mwanzo. Tarehe 13 Februari 2023, katika Chuo Kikuu cha Michigan State, risasi za kwanza zilisikika saa 2:18 usiku, na tahadhari ikatumwa saa 2:31. Hizo ni dakika 13. Wanafunzi watatu waliuawa. Wengine maelfu walibaki wamejifungia kwa saa kadhaa mpaka ilipotangazwa kwamba hatari imekwisha. Hizo saa kadhaa, mzazi mwenzangu, ndizo za kuzitia akilini. Mtoto kutojibu kwa saa tatu hakuna maana ya kwamba amepatwa na jambo.

Meseji inapitaje

Chuo chenye mfumo mzuri hakitegemei njia moja. Kinatuma meseji za simu, barua pepe, tangazo kwenye programu ya simu ya chuo, maandishi kwenye skrini za madarasani na kompyuta, vipaza sauti na ving'ora vya nje. Sababu ni kwamba kila njia ina ubovu wake. Meseji zikitumwa kwa watu elfu arubaini kwa mpigo, mtandao huzichelewesha, mmoja akapata sasa, mwingine baada ya dakika kadhaa. King'ora anakisikia aliyeko nje. Barua pepe anaipata aliyekaa mbele ya kompyuta.

Na namba zenyewe zinatoka wapi? Hapa ndipo penye tundu. Vyuo vingine huchukua namba iliyoko kwenye faili la mwanafunzi moja kwa moja, vingine humtaka mwanafunzi aingie mwenyewe ajisajili. Kwa vyovyote vile, mashine itatuma pale palipoandikwa. Kama pameandikwa namba ya Oman, basi itatuma Oman.

Kuna aina nyingine ya tahadhari ambayo haijali namba. Inatoka kwenye minara ya simu, na kila simu iliyoungana na mnara ule italia kwa kelele, iwe laini ni ya wapi. Marekani wanayo tangu mwaka 2012. Jamaa zetu wa Uingereza wataikumbuka ile ya majaribio ya tarehe 23 Aprili 2023, saa 9 alasiri, simu zilipolia nchi nzima. Lakini hiyo ni ya mamlaka za serikali, na aghalabu ni ya eneo kubwa: kimbunga, moto wa msituni, mafuriko. Haitoshi kuitegemea kwa jambo lililotokea kwenye jengo moja la chuo.

Maneno yenyewe ya tahadhari ni machache, na mtoto ayajue kabla. Kwa mtu mwenye silaha wanasema: kimbia, jifiche, pambana, kwa mpango huo huo. Kimbia kama njia iko wazi. Kama haiko, jifiche, funga mlango, zima taa, nyamazisha simu. Kupambana ni pale ambapo huna tena pa kwenda. Wakiambiwa "bakia ulipo", maana yake ni hivyo hivyo, asitoke hata kama anaona kumetulia, mpaka chuo kiseme hatari imekwisha.

Kelele bila habari nayo inaua

Sisi wenye asili ya Afrika Mashariki tuna funzo letu. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, na watu 148 wakauawa. Siku kumi baadaye, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ililipua mlio mkubwa. Wanafunzi walidhani ni Garissa nyingine. Hapakuwa na sauti ya kuaminika ya kuwaambia ni umeme. Wakaruka madirishani. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya mia walijeruhiwa, na hapakuwa na adui yeyote pale. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la usalama ambalo watu wengi walidhani ni shambulio la kweli. Mfanyakazi mmoja alikufa kwa kuruka kutoka jengoni.

Na siku hizi kuna watu wanaopiga simu za uongo makusudi. Tarehe 21 Agosti 2025, Villanova kule Pennsylvania na Chuo Kikuu cha Tennessee cha Chattanooga vilitangaziwa hatari siku moja, wanafunzi wakakimbia na kujificha, kumbe ni uzushi mtupu.

Nayasema haya kwa sababu ya ile picha ya grupu la ukoo. Nilikuja kugundua kwamba haikuwa hata ya chuo kile, ilikuwa ya mji mwingine, ya zamani. Mpaka jua linachomoza ilikuwa imeshasambazwa Maskati, Dubai, Mombasa na London, na bibi mmoja wa Mutrah alishaanza kunipa pole.

Tulivyokubaliana nyumbani

Alipokuja likizo tulikaa, tukanywa kahawa, tukaandika. Nawapa kama tulivyoandika.

Kwanza, namba. Siku ya kununua laini mpya, kabla ya kupiga picha za kutuonyesha chumba, abadilishe namba kwenye mfumo wa chuo. Akibadilisha laini tena, abadilishe tena. Aulize pia kama chuo kinaruhusu kuongeza namba ya mzazi, maana baadhi vinaruhusu.

Pili, hatumpigii. Yeye ndiye atakayeandika neno moja, "salama", akiweza. Tukiwa na la kumwambia tutaliandika mara moja tu. Simu yake akiwa amejificha iwe kimya kabisa, hata ule mtikisiko auzime, na mwanga aushushe, maana chaji nayo ataihitaji.

Tatu, msemaji ni mmoja. Kwetu ni baba yake. Ami, shangazi na bibi watamuuliza yeye, si mtoto.

Nne, habari tunazichukua kwenye kurasa rasmi za chuo na polisi wa chuo. Picha iliyotoka kwenye grupu haisambazwi, hata kama aliyeileta ni mkubwa wetu.

Tano, tumeandika namba kamili ya polisi wa chuo, pamoja na +1 mbele, na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, tukaibandika kwenye mlango wa friji. 911 ukiipiga ukiwa Maskati haikufikishi Marekani, kama ambavyo yeye akiipiga 9999 kule haimletei polisi wa Oman. Na kwa ruhusa yake, tunayo namba ya mwenzake wa chumbani. Hiyo tutaipiga hatari ikishatangazwa kwamba imekwisha, na mtoto wetu bado yuko kimya. Kabla ya hapo, hapana.

Bi mkubwa hakuipenda hiyo ya pili. Alisema, "Mimi nikae tu, mjukuu wangu yuko taabuni, nisimpigie?" Binti yangu akamshika mkono akamwambia, "Bibi, wewe niombee dua. Dua haiwashi simu." Mzee wa watu akacheka, akakubali.

Mwezi uliopita chuo chake kilifanya jaribio la mfumo. Ilikuwa mchana kwao, kwetu usiku. Mara hii meseji ilimfikia yeye, kwenye laini yake ya kule, na akanipigia picha ya skrini akaniletea: "Mama, hii ni majaribio, imefika." Nikamjibu, "Nimeona. Umekula?"

Basi ndugu zangu wenye watoto nje, iwe Marekani, Uingereza, Malaysia au hapo Sharjah tu: leo jioni mkizungumza nao, baada ya salamu na habari za mitihani, waulizeni swali moja. Chuo kina namba gani ya simu yako? Msishangae wakisema hawajui. Waambieni waingie waangalie, mkiwa bado mko nao kwenye simu.