Bustani za Nyumbani Pemba: Ushauri wa Jirani na Sababu Zake

Mwezi wa Juni, mvua za masika zinapokatika na baridi ya kipupwe inapoanza, wenye bustani kisiwani Pemba huulizana swali moja. Utalisikia kisimani, garini, hata shughulini: "Tungule zako zishafika wapi?" Mmoja atajibu kuwa zimeanza kutoa maua. Mwingine atasema miche yote imelala chini. Hapo hapo ushauri huanza kumiminika, na ushauri hautozwi ada. (Tungule ndizo nyanya. Katika mtihani andika "nyanya", maana msahihishaji wako huenda akawa mtu wa Songea.)

Mada ya bustani huonekana nyepesi, na kwa sababu hiyo watahiniwa wengi huipotezea alama. Huandika: "Tia samadi, mwagilia asubuhi na jioni, palilia." Hizo ni amri tu. Swali likikuambia "fafanua", unatakiwa uonyeshe jambo linavyofanya kazi na kwa nini linafanya hivyo. Tuchukue mfano wa jivu la jikoni, kwa sababu hakuna ushauri unaotolewa Pemba kwa uhakika zaidi ya huo.

Nimekulia upande wa Mtambile, wilaya ya Mkoani. Mama yangu alikuwa akisambaza jivu la kuni kwenye matuta ya mchicha, nao ulistawi vizuri. Nilipopangiwa kufundisha skuli moja upande wa Micheweni, nikapanda tungule nyuma ya nyumba niliyopanga na kufanya kama mama alivyofanya. Baada ya wiki chache majani machanga ya juu yakawa manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Nikadhani jivu halijatosha, nikaongeza. Mzee mmoja jirani akasimama kwenye ua akatazama, kisha akasema, "Mwalimu, hapa sote tumekaa juu ya chokaa, nawe waongeza chokaa?" Msimu ule nilivuna bakuli moja, na fedha za mbegu zikapotea. Nami nilikuwa na shahada, na pH nilikuwa nikiifundisha darasani wiki ile ile!

Kosa langu lilikuwa hili. Magharibi ya Pemba, kuanzia Mkoani kupitia Chake Chake hadi Wete, ni vilima na mabonde yenye udongo wa kina. Ndiyo nchi ya mikarafuu. Mvua huko ni nyingi, na maji yakipita ardhini miaka nenda miaka rudi huosha kalsiamu na magnesi na kuzipeleka chini, mbali na mizizi. Udongo unaooshwa hivyo huelekea kwenye asidi, yaani pH yake hushuka chini ya 7. Jivu la kuni ni besi. Lina kabonati ya kalsiamu na potasiamu, kwa hiyo hupunguza asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyooshwa. Mboga nyingi hupenda pH ya kati ya 6 na 7, na mama yangu, bila kuijua pH, alikuwa akiisogeza huko.

Mashariki mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya Micheweni na ukanda wa pwani ya mashariki ni maweni: tabaka jembamba la udongo juu ya mawe ya matumbawe ya kale. Matumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Udongo uliokaa juu yake tayari una besi, pH yake imepita 7. Katika hali hiyo madini ya chuma yaliyomo ardhini hugeuka kuwa misombo isiyoyeyuka kwa urahisi katika maji, na mzizi hauwezi kufyonza kisichoyeyuka. Mmea unahitaji chuma ili kutengeneza klorofili. Ukikosa chuma, jani jipya hutoka manjano. Ukiongeza jivu unapandisha pH zaidi, na chuma kinazidi kufungika. Hivyo chuma kilikuwamo shambani mwangu, ila nilikuwa nikikifungia mlango.

Wakulima wa maweni hupanda kwenye mifuko ya udongo iliyo katikati ya mawe, na anayetaka mboga hujaza mifuko hiyo mboji au samadi iliyooza vizuri. Vitu hivyo vikioza hutoa asidi hafifu, na baadhi ya kemikali zake hukishika chuma kikabaki katika hali ya kuweza kufyonzwa. Pia huhifadhi unyevu, jambo kubwa mahali ambapo udongo una kina cha kiganja tu. Sema "iliyooza vizuri", usiseme "samadi" peke yake: samadi mbichi hutoa amonia na kuunguza mizizi.

Ukitaka kujua udongo wa kwenu uko upande gani, chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki. Ukitoa mapovu kwa sauti ya kuchemka, una kabonati: asidi ya siki inaivunja na kutoa kaboni dayoksaidi. Weka jivu pembeni. Usipotoa mapovu, hujathibitisha kuwa udongo una asidi. Umejua tu kuwa hauna chokaa nyingi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ukiiandika msahihishaji ataiona.

Sasa turudi kwenye jani la manjano, kwa kuwa hapa majirani hukosana sana. Mmoja huambiwa "tia mbolea", na ikamfaa. Mwingine huambiwa hivyo hivyo, isimfae. Tazama umanjano ulipoanzia. Naitrojeni ni madini yanayohama ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye yale machanga, kwa hiyo umanjano huanza chini. Hali hii ni ya kawaida mwishoni mwa masika, kwa sababu mvua imeshaosha naitreti ardhini. Chuma hakihami kirahisi, basi upungufu wake huanza juu, kwenye majani machanga. Umanjano wa chini uhusishe na naitrojeni, na ule wa juu wenye mishipa ya kijani uhusishe na chuma.

Miche iliyolala kitaluni ina habari fupi. Ikiwa shina limenywea na kulainika pale linapogusana na udongo, hicho ni kinyausi. Husababishwa na vimelea jamii ya kuvu wanaopenda kitalu chenye maji mengi, kivuli kizito na miche iliyosongamana. Tawanya mbegu kwa nafasi, inua tuta, na usimwagilie udongo ambao bado umelowa.

Mche mkubwa unaonyauka ghafla ukiwa bado kijani, tena kwenye udongo wenye unyevu, ni jambo zito zaidi. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, kitumbukize wima kwenye gilasi ya maji safi, usikitikise. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Bakteria wameziba zailemu, mirija inayopandisha maji, ndiyo maana mmea una kiu ilhali umesimama kwenye maji. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa, choma, na hapo usipande tena tungule, bilingani wala pilipili kwa misimu kadhaa, kwa kuwa zote ni familia moja. Panda mahindi.

La mwisho ni maji, na kwa mtu wa kisiwani hili lina uzito wake. Mvua inayozama katika miamba ya matumbawe haikutani na jiwe kavu; chini kuna maji ya bahari yaliyopenya. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo huelea juu yake kama tabaka. Baada ya masika tabaka hilo ni nene na kisima kina maji matamu. Kadiri kiangazi kinavyoendelea na watu wanavyozidi kuteka, hupungua, na chumvi hupanda. Kisima kilichokunywesha bustani mwezi wa Juni chaweza kuiua mwezi wa Februari, na mwenye bustani akalaumu mbegu. Katika baadhi ya maeneo ya chini, kama Kisiwa Panza, bahari yenyewe imeingia mashambani.

Chumvi huua kwa osmosisi. Kwa kawaida maji ya udongoni huwa na chumvichumvi chache kuliko maji ya ndani ya seli za mzizi, kwa hiyo huingia mzizini. Chumvi ikizidi udongoni, maji hushindwa kuingia, na hali ikiwa mbaya hutoka. Kingo za majani hukauka kama zilizopitiwa na moto. Mwenye bustani akiona hivyo huongeza maji yale yale. Afadhali onja maji ya kisima kwanza, kinga ya mvua kwenye madumu masika ingalipo, na funika tuta kwa matandazo ya majani makavu ili jua lisinyonye maji na kuacha chumvi juu.

Jipime

1. Jirani wa Wete anakushauri, wewe uliye Micheweni, utie jivu kwenye bamia. Fafanua kwa nini ushauri huo ni sahihi kwake na una madhara kwako.

2. Majani ya chini ya mchicha yamekuwa manjano mwezi wa Juni baada ya mvua nyingi. Taja madini yaliyopungua na ueleze kwa nini umanjano haukuanzia juu.

3. Mwanafunzi ameandika: "Bilingani zilikauka kwa sababu hazikumwagiliwa." Kisima chake kipo karibu na bahari na alimwagilia kila jioni. Lisahihishe jibu lake kwa hoja mbili.