Tamthilia za Korea na majina ya kuazima Mayfair

Magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg, jirani na Fordsburg, upo mtaa wa Mayfair. Jina ni lile lile la mtaa wa matajiri wa London. Misikiti ilijengwa na Waislamu wenye asili ya India. Na maduka mengi yaliyoko kwenye Barabara ya Nane ni ya Wasomali, ambao walianza kuwasili Afrika Kusini baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Wapo wanaouita mtaa huu Mogadishu Ndogo. Kiswahili nacho husikika, kwa kuwa wakazi si wachache walipitia Eastleigh mjini Nairobi, au kambi za Dadaab, kabla ya kuelekea kusini.

Katika maduka ya namna hiyo, hapa na kwingineko walikotapakaa watu wa Afrika Mashariki, si ajabu kumkuta muuzaji ameegemeza simu yake kwenye bidhaa, akitazama tamthilia ya Korea Kusini huku akisubiri mteja. Wasomali huziita musalsal, kwa neno la Kiarabu. Mtanzania atasema tamthilia, au sizoni. Ukimwuliza mtazamaji kisa kinahusu nini, mara nyingi jibu litaanza hivi: huyo si yule wanayemdhani.

Jibu hilo linafaa kuchunguzwa. Idadi ya tamthilia za Korea ambazo mhusika mkuu ana nafsi mbili, majina mawili au kazi mbili zisizopatana ni kubwa mno kuweza kuitwa sadfa.

Binti katika mavazi ya kiume

Kisa chenyewe si kigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, wanamkumbuka Portia aliyevaa joho la mwanasheria na kumwokoa Antonio mahakamani, mbele ya mumewe asiyemtambua. Na katika hadithi za Alfu Lela Ulela, Khalifa Harun al-Rashid hutembea Baghdad usiku kwa mavazi ya mfanyabiashara ili ayasikie yale ambayo hakuna angethubutu kuyasema mbele ya kiti chake.

Wakorea wameichukua mbinu hiyo na kuirefusha. Katika Coffee Prince ya mwaka 2007, msichana maskini anajifanya mvulana ili apate kazi katika mkahawa unaoajiri wanaume peke yao. Mwenye mkahawa anampenda akidhani ni mwanamume, na anapoujua ukweli hasira yake kubwa ni kwamba amekuwa wa mwisho kuambiwa. Katika Sungkyunkwan Scandal ya mwaka 2010, binti anaingia katika chuo kikuu cha kifalme kwa jina la mdogo wake wa kiume. Na katika The King's Affection ya mwaka 2021, pacha wa kike anakalishwa katika nafasi ya kaka yake aliyeuawa, na kulelewa kama mrithi wa kiti cha enzi. Tamthilia hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2022, ikiwa ya kwanza kutoka Korea kushinda katika fungu la tamthilia ndefu.

Kwa nini mbinu hii inafaa sana katika televisheni? Sababu moja ni ya kiufundi. Tamthilia ya kawaida ya Korea huwa na sehemu 16 au 20, na kwa desturi ilirushwa siku mbili kwa juma, kila sehemu ikichukua takriban saa nzima. Hadithi ya mapenzi matupu huchoka mapema. Siri, kwa upande mwingine, haichoki: mtazamaji anaijua, wahusika hawaijui, na kila mlango unaofunguliwa unaweza kuwa ndio mwisho wake.

Lakini ufundi peke yake hautoshi kueleza. Sababu nyingine imo katika historia ya nchi yenyewe.

Kipande cha Kikorea

Ufalme wa Joseon, uliotawala rasi ya Korea kuanzia mwaka 1392 hadi 1910, uliwagawa watu kwa matabaka ya kurithi. Juu kulikuwa na mamwinyi waliosoma na kushika vyeo, na chini kabisa walikuwapo watumwa, ambao watoto wao nao walizaliwa watumwa. Mwanamke hakuruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali, hata angekuwa na elimu kiasi gani. Tangu mwaka 1413 wanaume waliotimiza umri wa miaka 16 walitakiwa kubeba kibao kidogo kiitwacho hopae. Cha ofisa mkubwa kilikuwa cha pembe ya ndovu. Cha raia wa kawaida kilikuwa cha mti.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani babu zake walivaa kipande shingoni kuanzia mwaka 1920. Wala msomaji wa Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 1952 ilimlazimisha kila Mwafrika aliyefikia miaka 16 kutembea na kitabu cha pasi. Pale ambapo kibao au karatasi huamua mtu atalala wapi na atafanya kazi gani, kubadili jina si mchezo wa kuigiza. Ni njia ya kutorokea.

Hili linaonekana waziwazi katika The Tale of Lady Ok, iliyoonyeshwa kati ya Novemba 2024 na Januari 2025. Mtumwa aliyetoroka anachukua jina na nafasi ya binti wa kimwinyi aliyefariki, kisha anakuwa wakili wa wanyonge. Kila kesi anayoitetea inamweka karibu zaidi na watu wanaoweza kumtambua. Mwisho wake hatutausema hapa; wapo wasomaji ambao hawajaufikia.

Kisha ukaja ukoloni. Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, na mwaka 1940 ikaanza kutekeleza amri ya kuwataka Wakorea wachukue majina ya Kijapani. Taifa zima likawa na majina mawili, moja la ofisini na jingine la nyumbani. Ndio wakati uliochaguliwa na watunzi wa Gaksital, tamthilia ya mwaka 2012 iliyotokana na hadithi za picha za Huh Young-man za miaka ya sabini. Kijana wa Kikorea ni ofisa wa polisi wa Japani, na kazi yake ni kumsaka shujaa aliyejifunika kinyago cha bibi harusi. Anampiga risasi usiku mmoja, anakivua kinyago, na kumkuta ndugu yake mwenyewe, yule ambaye nyumbani alijifanya hana akili timamu. Baada ya hapo kinyago anakivaa yeye.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna tamthilia nyingine ya Korea inayoeleza vizuri zaidi gharama ya kuishi kwa sura mbili. Nyingi nyingine huwa na upole kupita kiasi.

Mwenye nyumba wa karatasi

Mayfair nayo ina kisa chake cha sura mbili, tena bila kamera.

Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, mtaa huu uliwekwa kuwa wa Wazungu, wengi wao wafanyakazi wa kipato cha chini. Wahindi wa Johannesburg walikuwa wakiondolewa Pageview, eneo wenyewe waliloliita Fietas, na kutakiwa kuhamia Lenasia, kilomita nyingi kusini mwa jiji. Wafanyabiashara wao walijengewa Oriental Plaza huko Fordsburg katika miaka ya sabini. Yaani mtu aliruhusiwa kuuza kitambaa karibu kabisa na Mayfair mchana kutwa, lakini jioni asilale hapo.

Wengi walilala hapo hata hivyo. Njia ilikuwa kumtafuta Mzungu aliyekubali nyumba iandikwe kwa jina lake, au kampuni ya kusimama badala ya mnunuzi. Kwenye hati mwenye nyumba alikuwa Mzungu. Aliyelipa fedha, akapaka rangi kuta na kulea watoto ndani yake alikuwa Mhindi. Mbinu hiyo haikuwa mpya, kwani Sheria Namba 3 ya mwaka 1885 ya Transvaal ilikuwa imekwisha wazuia Waasia kumiliki ardhi, na tangu enzi hizo majina ya kuazima yalitumika.

Hebu fikiria udhaifu wa mpango huo. Mwenye jina angeweza kufariki na warithi wake wakadai nyumba. Angeweza kupandisha malipo. Aliyeishi ndani asingeweza kwenda mahakamani kusema nyumba ni yangu, kwa sababu kusema hivyo ni kukiri kosa. Kila jirani mwenye chuki alikuwa kama yule mhusika wa pembeni katika tamthilia, ambaye amekwisha ona barua asiyopaswa kuiona.

Mwishoni mwa miaka ya sabini ikaundwa Actstop, jumuiya iliyowatetea watu walioshtakiwa kwa kuishi katika maeneo yasiyo yao kwa rangi. Mwaka 1982, katika kesi ya Dola dhidi ya Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba mtu aliyepatikana na hatia chini ya sheria hiyo hafukuzwi nyumbani papo hapo. Mahakama lazima kwanza itazame iwapo ana mahali pengine pa kuishi. Makazi mengine hayakuwapo, na mashtaka yakapungua sana. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991, mwaka ule ule Mogadishu ilipoingia vitani.

Hivyo Wasomali walipofika Mayfair walipanga nyumba na kufungua maduka katika mtaa ambao wenyeji wake walijua vizuri maana ya kuishi chini ya jina lisilo lako.

Cali au Ali

Kwa mkimbizi suala la jina halikuisha. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ilimruhusu mwombaji hifadhi kuishi mitaani badala ya kambini, mradi awe na kibali kinachohuishwa mara kwa mara. Ofisi ya wakimbizi ya Johannesburg iliyokuwa Crown Mines, si mbali na Mayfair, ilifungwa mwaka 2011, na waliokuwa wakienda hapo wakalazimika kusafiri hadi Pretoria.

Kwenye fomu ndipo nafsi ya pili huzaliwa, bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Msomali ana jina lake, la baba na la babu. Fomu inataka jina la ukoo, basi babu anageuzwa ukoo. Mke wa Kisomali habadili jina anapoolewa, kwa hiyo mama na wanawe wanaonekana kwenye karatasi kama watu wasiohusiana. Maandishi rasmi ya Kisomali yaliyoanza kutumika mwaka 1972 yanaandika Cali Xasan. Karani aliyezoea Kiingereza anaandika Ali Hassan. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari. Baada ya miaka michache mtu mmoja ana hati mbili zinazobishana, na siku ya kufungua akaunti ya benki au kumwandikisha mtoto shule ndipo anapoulizwa yeye hasa ni nani.

Jamhuri ya Korea nayo imewapa raia wake namba za usajili tangu mwaka 1968, baada ya makomando wa Kaskazini kujaribu kuivamia ikulu ya Seoul. Namba hiyo ina tarakimu 13, na ndani yake imo tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Ndiyo maana katika tamthilia za kisasa anayetaka kuwa mtu mwingine huhitaji zaidi ya wigi na miwani.

Yeye

Liko jambo moja la lugha ambalo watazamaji wa Kiswahili hulipata bila malipo. Mfasiri wa Kiingereza, anapomfikia binti aliyevaa kiume, hana budi kuchagua kati ya neno la mwanamke na la mwanamume, na akichagua vibaya anaitoboa siri. Kiswahili husema yeye, amekuja, ameondoka, na siri inabaki salama.

Kwa upande mwingine tunapoteza. Katika Kikorea mwanamume humwita kaka yake hyung, na mwanamke humwita oppa. Msichana aliyejifanya mvulana hutakiwa kusema hyung kila siku, na ulimi ukiteleza mara moja tu, amekwisha. Sisi sote husema kaka. Nchini Tanzania, ambako Jumong ya mwaka 2006 ilizunguka katika diski kwa miaka mingi, na ambako vituo kama Azam na StarTimes vimezitia sauti za Kiswahili tamthilia za kigeni, kosa hilo la ulimi hupita bila kusikika. Anayetazama kwa sauti ya Kikorea yenyewe, akisoma maandishi chini ya kioo cha simu, huliwahi: anainua kichwa, anasahau mteja, anarudisha nyuma sekunde chache ili asikie tena kama kweli binti amesema oppa.